Ufundi wa Kumaliza Mwaka Chekechea

Oktoba ikielekea ukingoni, shule nyingi za Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, hujaa mazoezi ya nyimbo. Majoho madogo na kofia za mraba hutafutwa, wazazi huomba ruhusa kazini, na wapiga picha huanza kuzunguka langoni. Sherehe ya watoto wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, ina raha yake. Lakini anayetaka kuuona ufundi wa mwalimu wa chekechea asiingoje siku hiyo. Aende wiki mbili tatu kabla, akae nyuma ya darasa wakati uji unapoletwa.

Mwalimu hagawi vikombe. Humwita mtoto mmoja, akamwagiza ahakikishe kila mwenzake amepata. Mtoto hupita kwenye mkeka, kikombe kimoja kwa kila mmoja, kisha hurudi na taarifa: "Tichaa, bado wawili." Mwalimu humshukuru na kumpa vikombe viwili. Hapo amekwisha kumpima hesabu, na mtoto hakujua kwamba anapimwa. Januari, huyo huyo aliweza kuimba moja hadi ishirini bila kukwama, ila akiwekewa vizibo saba alihesabu tisa, kwa kuwa ulimi ulikuwa unakitangulia kidole. Kuufanya ulimi na kidole viende pamoja kumechukua miezi ya vizibo, maharagwe, vijiti, na swali la kila asubuhi: leo ni nani hajaja?

Mkono nao umefunzwa kwa subira hiyo hiyo. Mwalimu anayeijua kazi yake hakimbilii kumpa mtoto wa miaka minne penseli na mstari wa herufi. Kwanza humpa udongo aufinyange, karatasi aichane, uzi na shanga atunge. Kajiado ni nchi ya shanga, na watoto wengi wamewaona mama na nyanya zao wakizitunga. Kidole gumba na cha shahada vikishazoea kushika kitu kidogo bila kukiangusha, penseli haiwi mzigo. Ndiyo maana ukifungua faili ya kazi za mtoto mwisho wa mwaka, kurasa za kwanza zina rangi iliyomwagika nje ya mchoro na za mwisho zina jina lake, herufi zikiwa zimekaa juu ya mstari.

Kitengela inaongeza ugumu wa lugha. Mji huu wa kando ya barabara ya Namanga umekusanya watu wa kila upande: Wamaasai wenyeji, Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Wakisii, Wasomali. Wengine wamefuata viwanda vya Athi River, wengine wamefuata nyumba za bei nafuu kuliko za Nairobi. Watoto wao huketi mkeka mmoja, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Ukienda ndani zaidi, kuelekea Bissil au Mashuuru, utakuta darasa ambalo karibu watoto wote wameingia na Kimaasai pekee. Huko mwalimu huanza na lugha ya nyumbani, kisha huingiza Kiswahili na Kiingereza kidogo kidogo.

Huko ndani, hata kumaliza mwaka kuna namna yake. Oktoba hukuta malisho yamekauka, mvua za vuli zikisubiriwa. Familia ikihama na mifugo, mtoto anaweza kuondoka kabla muhula haujaisha. Mwalimu mwenye uzoefu haachi mambo yote yangoje wiki ya mwisho. Kumbukumbu za kila mtoto huziandika mapema, na kila somo hulifunga vizuri, kama mtunga shanga anayejua kwamba bila fundo la mwisho kazi yote hutawanyika.

Kisha kuna ripoti. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchini kote Januari 2019, haumpangi mtoto wa chekechea nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Mwalimu humtazama akitenda, halafu hueleza kama amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia au bado yuko chini. Maneno hayo manne ni rahisi kuyatia alama. Ufundi umo katika sentensi inayofuata. "Amejitahidi" haimsaidii mtu. Lakini mwalimu akiandika kwamba mtoto husimulia kisa kwa mfuatano, ila hunyamaza kundi likizidi watu watano, mzazi ameelezwa jambo la kufanyia kazi likizo nzima.

Anayeihitaji zaidi sentensi hiyo ni mwalimu wa Gredi ya 1. Kwa Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti, huku walimu wa shule za msingi za umma wakiajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Kwa hiyo mtoto wa shule ya umma akivuka kutoka PP2, huwa ametoka mikononi mwa serikali moja na kuingia katika nyingine, hata pale ambapo madarasa yote mawili yamo ndani ya ua mmoja. Mwalimu hodari huuvuka mpaka huo kabla ya watoto wake. Huwapeleka wakaone madawati, wajue msalani ni wapi, wamsalimie mwalimu wao mpya kwa jina. Siku hizo za mwisho huwaacha pia wafunge viatu wenyewe, wapange mikoba wenyewe, wasuluhishe ugomvi wa krayoni wenyewe. Mwaka mzima amekuwa akijijenga mioyoni mwao, na sasa anawazoesha kuishi bila yeye. Sijui kazi nyingine inayodai upendo na nidhamu kiasi hicho kwa pamoja.

Mzazi wa Kitengela, wa Bissil, wa popote: ukienda kuchukua ripoti mwaka huu, usiulize mwanao amekuwa wa ngapi. Keti na mwalimu, muulize ameona nini ndani yake na nini kimebaki. Nanyi viongozi wa kaunti, mwalimu wa chekechea alipwe mshahara unaolingana na ufundi huu. Msingi wa kila darasa litakalofuata ameuweka yeye.