Ukurasa kama Sehemu ya Matini: Usomaji wa Vijitabu na Mikusanyiko Huru ya Vibonzo

Utangulizi

Uhakiki wa vibonzo umezoea kuanzia kwenye kitabu kilichokwisha kujalidiwa. Mhakiki hukitoa rafuni, huchambua wahusika, mistari ya mchoro na mapengo baina ya fremu, kisha hutoa hukumu yake. Mazoea hayo yanasahau kwamba baadhi ya kazi zinazosifiwa zaidi leo zilianza katika hali nyingine kabisa. Nyingine zilikuwa vijitabu ambavyo mchoraji mwenyewe alivitolea nakala kwa mashine ya fotokopi, akavikunja na kuvibana kwa pini. Nyingine zilitokea sura moja moja katika mikusanyiko ya wachapishaji wadogo. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba ukubwa wa ukurasa, aina ya karatasi na ujirani wa kazi nyingine ni sehemu ya matini, wala si ganda la kutupwa. Mifano inatoka Marekani, ambako uchapishaji wa aina hii umestawi tangu miaka ya 1980.

Hoja hii si ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi. Yeye anajua kwamba ngano iliyonukuliwa kitabuni si ile iliyotambwa mbele ya hadhira. Maneno yanaweza kuwa yaleyale, ilhali sauti, kiitikio na wakati wa usiku vimekwisha kupotea. Kinachotakiwa ni tahadhari hiyo hiyo ielekezwe kwenye karatasi.

Kijitabu na msomaji wake

John Porcellino alianza kutoa King-Cat Comics and Stories mwaka 1989, na mfululizo huo umeshavuka toleo la 80. Mchoro wake ni wa mistari michache, hauna vivuli, na mara nyingi tukio lenyewe ni dogo: paka, matembezi, kumbukumbu ya ujana. Msomaji anayekutana na visa hivyo katika kitabu kinene anaweza kuviona vikavu. Katika kijitabu, hata hivyo, kisa hukaa karibu na barua za wasomaji na orodha ya mambo yaliyompendeza mwandishi katika kipindi hicho. Hapo wepesi wa mstari hulingana na wepesi wa chombo. Kinachosomwa kinakaribia kuwa barua, na barua haidaiwi kilele wala fundisho.

Visa vyake kuhusu kazi ya kunyunyizia mbu dawa vinadhihirisha jambo hili kutoka upande wa pili. Vilikusanywa mwaka 2005 katika Diary of a Mosquito Abatement Man. Vikiwa pamoja, vinafuatana na kuunda simulizi ya kijana ambaye dhamiri yake inaanza kumsuta kwa sababu ya kuua. Simulizi hiyo haikuwa dhahiri kwa msomaji aliyevipata kimoja kimoja, pengine miaka ikipita kati yake. Kwa hiyo kitabu hakikuiharibu kazi. Kiliunda kazi ya pili. Kosa la mhakiki ni kuihukumu ya kwanza kwa kuisoma ya pili.

Mkusanyiko na ujirani

Jarida la RAW, lililohaririwa jijini New York na Art Spiegelman na Françoise Mouly kati ya 1980 na 1991, linatoa ushahidi mzito zaidi. Matoleo yake ya awali yalikuwa na kurasa kubwa mno. Katika toleo la 7, la mwaka 1985, pembe ya jalada la kila nakala ilichanwa kwa mkono. Hivyo, nakala zilizotoka kiwandani zikiwa sawa zikawa na tofauti.

Ni ndani ya ukubwa huo ambamo Maus ilianza kutolewa kwa mfululizo, kuanzia toleo la 2 mwishoni mwa 1980, kama kijitabu kidogo kilichotiwa katikati ya jarida. Aidha, Spiegelman aliichora kwa kipimo kilekile cha kuchapishwa, bila kuipunguza baadaye, ili mwandiko wake ubaki na sura ya shajara. Basi, ushuhuda wa baba aliyenusurika Auschwitz ulifika kwa msomaji kama daftari la siri lililofichwa ndani ya maonyesho ya sanaa yenye makeke. Juzuu la kwanza la kitabu lilipotoka mwaka 1986, kipimo kidogo kilihifadhiwa, lakini ule ukinzani na kurasa kubwa ulitoweka. Tuzo maalumu ya Pulitzer ya mwaka 1992 iliitambua Maus ikiwa tayari kitabu.

Udogo, uchaguzi na anasa

Huenda ikadaiwa kwamba udogo ni matokeo ya ufukara tu, na kwamba mchoraji akipata uwezo huuacha. Dai hilo lina ukweli wa nusu. Adrian Tomine alitoa vijitabu saba vya Optic Nerve mwenyewe kuanzia 1991, na vikakusanywa kitabuni mwaka 1995 kwa jina la 32 Stories. Mwaka 2009, akiwa amekwisha kupata jina, kazi hiyo ilitolewa upya kama kisanduku chenye nakala za vijitabu vyote saba, kila kimoja peke yake. Katika toleo hilo udogo ulikuwa uchaguzi. Kinyume chake, Kramers Ergot ya Sammy Harkham, iliyoanza kwa unyenyekevu mwaka 2000, ilifikia katika toleo la 7 (2008) kurasa za inchi 16 kwa 21 na bei ya dola 125. Mchoraji alipewa uwanja mpana ajabu. Msomaji mwenye mfuko mwepesi alifungiwa mlango. Umbo, kwa hivyo, huamua pia nani atasoma.

Hitimisho

Hapana budi mhakiki wa vibonzo aeleze ni toleo gani alilolisoma, la ukubwa gani, na lilipakana na nini. Wajibu huu unazihusu idara za Afrika Mashariki pia. Jarida la Joe la Nairobi (1973–1979) liliweka hadithi fupi na vibonzo katika kurasa zilizopakana. Kuitoa hadithi peke yake na kuiita matini kamili ni kusoma nusu ya ukurasa. Na maadamu karatasi za namna hii huchakaa upesi, kuzihifadhi nakala zenyewe ni sehemu ya kazi ya uhakiki.