Ukara, Kisiwa Kinachojirudishia

Katika mchezo wa kompyuta wa Minecraft, almasi haijirudii. Ikishachimbwa imekwisha, sawa na zile za Mwadui, Shinyanga, ambazo John Williamson alizigundua mwaka 1940. Jiwe la kawaida ni habari nyingine: mchezaji akikutanisha maji na lava, jiwe hutokea, akilivunja, hutokea jingine palepale, bila kikomo.

Wachezaji wazoefu wana kipimo kikali. Hawasemi kitu kinajirudisha eti kwa sababu ni kingi, ingawa dunia ya mchezo ina upana wa vipande milioni 60. Kuhamia ardhi mpya hakuhesabiki. Lazima kitu kiweze kupatikana tena na tena bila kuhama. Kipimo hicho huonekana vizuri katika Skyblock, namna ya kucheza Minecraft ambamo mchezaji huanzia kwenye kisiwa kidogo kinachoelea hewani, chenye mti mmoja na vitu vichache. Hana pa kukimbilia. Lazima awe fundi.

Ziwa Victoria lina mafundi wa aina hiyo, tangu kabla ya kompyuta.

Ukara iko kaskazini mwa Ukerewe, mkoani Mwanza, ng'ambo ya kivuko cha Bugolora. Ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na udongo wake ni wa kichanga, uliotokana na miamba ya matale. Kwa ardhi kama hiyo, wakulima wengi wangelima misimu michache kisha waipumzishe kwa miaka. Wakara hawakuwa na nafasi ya kuipumzisha, wakajenga kilimo ambacho wataalamu wa karne ya 20 walikisoma kwa mshangao.

Ng'ombe walifungwa ndani, wakakatiwa majani na kuletewa matawi ya miti. Hata majani yenyewe yalilimwa ufukweni. Samadi ikakusanywa zizini, ikabebwa hadi shambani kwa ajili ya uwele. Katikati ya uwele zilipandwa mbegu za mimea ya jamii ya marejea, si kwa ajili ya kula, bali ili ifukiwe na kuurutubisha udongo. Njugu mawe nazo zilikuwa na zamu yake. Udongo wa mteremko ulizuiwa kwa kuta za mawe, na miti ilikuwa na wenyewe.

Ni kazi ngumu mno, na ugumu huo unaeleza jambo la kustaajabisha. Wakara waliohamia bara, kwenye ardhi tele, waliacha sehemu kubwa ya ufundi huo. Ujuzi walikuwa nao. Kilichokosekana ni sababu ya kubeba samadi kichwani wakati shamba jipya liko hatua chache mbele. Rutuba ya Ukara, basi, haikuwa sifa ya udongo wake. Ilikuwa kazi ya mikono, iliyorudiwa kila msimu na watu waliojua kisiwa kinaishia wapi. Leo pwani nyingi za Ziwa nazo zimejaa mashamba, na njia waliyoiacha wahamiaji hao inastahili kufundishwa upya, kuanzia zizini.