Kocha Anayekubali Kuguswa

Mburu Wanyoike wa Kenya alikuwa mshindani wa mchezo wa vitara, yaani mapambano ya panga, kabla ya kwenda Afrika Kusini kusomea ukocha. Mwaka 2021 alianzisha klabu ya Tsavora Fencing Mtaani huko Huruma, Nairobi, ambako watoto hujifunzia hata barabarani. Kwa sisi wa Karagwe na Kyerwa, ambako mchezaji wa zamani ndiye mara nyingi hukabidhiwa timu ya shule, inafaa kuchambua jinsi ukocha wa aina hii unavyofanyika.

Kazi huanzia miguuni. Pambano hufanyika kwenye njia ya urefu wa mita 14 na upana usiozidi mita 2, kwa hiyo nafasi ya kuzunguka ni finyu: unasonga au unarudi. Anayetawala umbali hutawala pambano, na umbali hufundishwa bila upanga. Wanafunzi wawili hutazamana, magoti yamekunjwa. Mmoja akipiga hatua mbele, mwenzake hurudi kwa kiasi kile kile. Kisha kocha hushika glovu usawa wa bega na kuiachia ghafla. Mwanafunzi hunyoosha mkono kwanza, mguu ukafuata, aidake kabla haijafika chini. Glovu moja hutosha kundi zima.

Halafu huja uchaguzi wa upanga. Kwa klabu changa, upanga uitwao epe ndio mwepesi kufundisha. Mwili mzima ni shabaha, na ncha hukubali pigo likiwa na mgandamizo wa angalau gramu 750. Wachezaji wakigusana kwa wakati mmoja, wote hupata pointi, kwa hiyo mwamuzi hahitaji kuamua nani alikuwa na haki ya kushambulia. Ndiyo silaha ya Alexandra Ndolo, aliyetwaa medali ya fedha ya dunia Cairo mwaka 2022 akiiwakilisha Ujerumani, kisha akaichezea Kenya kwenye Olimpiki ya Paris 2024. Fainali ile ya Cairo aliipoteza kwa 11–10: pigo moja tu.

Sehemu ngumu zaidi ni somo la ana kwa ana. Kocha huvaa koti nene la kinga na barakoa, kisha hufungua shabaha makusudi. Akishusha mkono, mwanafunzi apige kifundo cha mkono. Akisogea karibu mno, apige kifua. Mwanafunzi akichelewa au akikosea umbali, kocha hukinga na kumjibu kwa pigo jepesi, ili kosa lionekane papo hapo. Polepole kocha hupunguza muda wa uwazi, hadi mwanafunzi apige bila kusubiri kuambiwa.

Hapo ndipo wachezaji wengi wa zamani hushindwa. Mwili wao umezoea kushinda, nao humkinga mtoto kila pigo ili kuonyesha kwamba bado wamo. Mtoto huondoka akiwa amemwona bingwa, lakini mkono wake haujajifunza kitu.

Mwalimu uliyekabidhiwa timu ya UMITASHUMTA Kayanga au Nkwenda, iwe ya netiboli au ya soka, kanuni ni ile ile. Unapocheza na mwanafunzi mazoezini, mpe nafasi iliyo wazi kwa sekunde mbili, kesho kwa moja, kisha kwa nusu. Siku atakapokupita bila wewe kumwachia, umefundisha.