Wolbachia na kiangazi cha Kusini

Chikungunya imekwishazunguka dunia nzima, lakini cheti chake cha kuzaliwa kiliandikwa Newala, kusini-mashariki mwa Ruangwa na Nachingwea, wilaya za mkoa wa Lindi, ambako ndiko Matambarale iliko. Mwaka 1952 na 1953 homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo ilizikumba kaya za uwanda wa juu wa Makonde. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, W.H.R. Lumsden akachunguza namna ilivyoenea, na R.W. Ross akavitenga virusi vyenyewe. Uwanda ule una shida ya maji tangu zamani; watu waliyafuata mbali na kuyaweka akiba nyumbani kwenye vyombo, na humo ndimo alimozaliana mbu aina ya Aedes aegypti.

Mbu huyo huuma mchana. Chandarua, silaha kuu dhidi ya malaria, hakimsumbui sana. Ndiyo maana mbinu ya Wolbachia inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa haina haja ya kummaliza mbu. Inamwacha aishi na aume, ila inampunguzia sana uwezo wa kueneza virusi.

Wolbachia ni bakteria anayeishi ndani ya seli za wadudu wengi sana. Hertig na Wolbach walimwona mwaka 1924 ndani ya mbu wa Culex, wale wa kwenye mitaro na vyoo. Aedes aegypti kwa kawaida hana bakteria huyu, kwa hiyo ilibidi apandikizwe, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Kundi la mtafiti Scott O'Neill huko Australia lilimchukua kutoka kwa nzi wa matunda, likamkuza kwa miaka kadhaa kwenye seli za mbu ndani ya maabara ili azoee makazi mapya, kisha likamdunga kwa sindano nyembamba kwenye mayai ya Aedes. Mayai mengi yalikufa. Machache yaliyopona yakazaa ukoo mpya.

Lengo la mwanzo lilikuwa kumfupishia mbu maisha tu. Virusi vya dengue, homa nyingine anayoieneza mbu huyu, huhitaji siku kadhaa kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza, kwa hiyo mbu anayekufa mapema hana madhara. Mwaka 2009 watafiti wakagundua jambo zito zaidi: dengue na chikungunya zilishindwa kustawi ndani ya mbu wenye Wolbachia. Inaelekea bakteria hugombea na virusi mafuta na mahitaji mengine ya seli, na pia huiamsha kinga ya mbu.

Hata hivyo, kuzuia virusi peke yake kusingetosha. Ukiwaachia mbu elfu moja wazuri katikati ya maelfu ya kawaida, watamezwa. Kinachoiokoa mbinu hii ni hila ya uzazi. Dume mwenye Wolbachia akimpanda jike asiye naye, mayai hayaanguliwi. Jike mwenye Wolbachia huzaa salama na dume yeyote, na watoto wake humrithi bakteria kutoka kwa mama. Kila kizazi mizani inamwelemea mbu wa kawaida. Mwaka 2011 mbu hao waliachiwa kwenye vitongoji viwili vya Cairns, Yorkeys Knob na Gordonvale, na ndani ya miezi michache karibu mbu wote wa hapo walikuwa na bakteria huyo.

Ushahidi mzito ulitoka Yogyakarta, Indonesia, chini ya Profesa Adi Utarini. Jiji liligawanywa maeneo 24, nusu yakapewa mayai ya mbu wenye Wolbachia kwenye ndoo ndogo. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha dengue imepungua kwa asilimia 77, na kulazwa hospitalini kwa asilimia 86.

Je, ndoo hizo zikiletwa Matambarale? Hapa shangwe inabidi ipunguzwe. Mayai ya Aedes huvumilia ukavu kwa miezi, yakingoja mvua. Aina ya kwanza ya Wolbachia, ile ya kufupisha maisha, iliyaharibu mayai yaliyokauka, na ilipojaribiwa kisiwa cha Tri Nguyen, Vietnam, haikudumu. Aina iliyotumika Cairns na Yogyakarta ina udhaifu mwingine: maji wanamokulia viluwiluwi yakifika nyuzi 37 mchana, bakteria hupungua mwilini mwa mbu. Tairi au kopo lililoachwa juani hufika huko bila taabu. Mtungi wa ndani ya nyumba haufiki. Malaysia ilitumia aina inayostahimili joto zaidi, na mitaa ya Kuala Lumpur iliyoipokea ilipata nafuu ya asilimia 40 hivi. Kwa Lindi, huo ndio mfano wa kuufuata kwanza.

Tatizo jingine ni umbali. Huko Cairns Wolbachia ilisogea mita 100 hadi 200 tu kwa mwaka. Vijiji vyenye nyumba zilizotawanyika kati ya mashamba vingelazimu ndoo kupelekwa karibu kila boma, gharama ambayo halmashauri ya wilaya haiwezi kuibeba. Busara ni kuanzia Dar es Salaam, iliyokumbwa na dengue mwaka 2014 na 2019, maana virusi husafiri na abiria. Mlipuko wa chikungunya wa Lamu mwaka 2004 ulifika Komoro mwaka uliofuata, kisha Réunion.

Kuna pia suala la mbu wenyewe. Utafiti wa Rabai, pwani ya Kenya, ulikuta Aedes aegypti wa namna mbili wakiishi jirani: wa nyumbani wanaopenda damu ya binadamu, na wa msituni wanaopendelea wanyama. Ndoo za uani huwalenga wa nyumbani. Kabla ya kununua yai hata moja, Ruangwa na Nachingwea zingehitaji kujua ni mbu yupi anayeuma watu wao, na maji ya mapipa yao yana joto gani mwezi Oktoba.