Mzungu wa Kazi na Majirani Zake wa Usambiro: Kuusoma Upya Wasifu wa Alexander Mackay

Katika maktaba za vyuo vyetu vya theolojia vimo vitabu ambavyo kila mwalimu huvitaja na wanafunzi wachache tu huvifungua. Kimojawapo ni wasifu wa Alexander Mackay, fundi mitambo wa Uskochi aliyetumwa na chama cha misheni cha Waanglikana, Church Missionary Society, kwenda Uganda. Kitabu kilitoka London mwaka 1890, mwaka ule ule aliofariki. Aliyekiandika ni dada yake, Bibi Harrison, ambaye katika ukurasa wa kwanza hakujitaja jina, bali aliridhika kuitwa dada wa marehemu. Ni kitabu kirefu, cha Kiingereza cha zamani, na sehemu yake kubwa ni barua za Mackay mwenyewe. Walimu wa historia ya kanisa wamezoea kukitumia kueleza mambo ya Uganda: kasri ya Mutesa, hasira ya Mwanga, na damu ya mashahidi.

Makala haya yanakusudia kukisoma kutoka upande mwingine wa maji, yaani upande wetu wa kusini, ambako Mackay aliliona ziwa kwa mara ya kwanza na ambako alikufa. Nitajaribu kuonyesha kwamba kitabu hiki ni chema kuliko kinavyojijua, na kwamba kina upungufu mmoja mkubwa ambao sisi tumeurithi pasipo kutambua.

Tukumbuke kwa ufupi habari zenyewe. Mackay alizaliwa mwaka 1849, mwana wa mchungaji wa kijijini. Alisomea uhandisi Edinburgh, akafanya kazi Berlin, na mwaka 1876 akaja Afrika. Hakuwa mchungaji, wala hakubarikiwa kuwa mchungaji mpaka kufa kwake. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, mwendo wa maili zipatazo 230. Mwezi Juni 1878 alifika Kageyi, kijiji cha ufukoni katika Ghuba ya Speke, wakati ambapo mji wa Mwanza ulikuwa bado haujawa mji. Mwishoni mwa mwaka huo alivuka kwenda Uganda, akakaa huko mpaka Julai 1887, Mwanga alipomfukuza. Ndipo aliporudi kusini mwa ziwa, akajenga kituo Usambiro, akaishi hapo hadi homa ilipomwua tarehe 8 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40.

Jambo la kwanza la kusifiwa ni kwamba barua hizi hazifichi kazi. Maandishi mengi ya kimisionari ya karne ile hupenda mahubiri, hatari na wongofu, lakini hupita upesi juu ya yale yanayoijaza siku tangu asubuhi hadi jioni. Mackay hafanyi hivyo. Alipofika Kageyi alikuta mali ya misheni imerundikwa, vyuma vimeshika kutu, vipande vya mtambo vimetawanyika, na mashua yao, Daisy, imeoza na kutoboka. Baadaye alikata sehemu ya katikati ya mashua ile, akatumia mbao zake kuziba pande nyingine, na chombo kilichofupishwa namna hiyo ndicho kilichomvusha. Msomaji anayelijua ziwa, ambaye amewahi kumwona fundi wa mtumbwi akipiga pamba katika nyufa pale Kirumba au Nansio, atazielewa kurasa hizi kuliko alivyozielewa msomaji wa London. Watu walimwita mzungu wa kazi, na jina hilo lilimstahili.

Jambo la pili ni safari yake ya Ukerewe. Desemba 1877 wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa kile, katika ugomvi kati ya Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro, ambaye wao walikuwa wamenunua jahazi kwake. Wengi walitazamia kisasi. Mackay, baada ya kufika Kageyi, alivuka kwenda kwa Lukonge pasipo silaha, ijapokuwa wenyeji walimsihi asiende, akatafuta amani. Mwandishi anaisimulia habari hii kama ushujaa, na ushujaa ulikuwapo. Lakini mwanatheolojia ataona zaidi ya hapo: huyu ni mtu aliyekataa kuitegemeza Injili juu ya bunduki katika mwaka ambao bunduki ndiyo iliyokuwa ikifungua njia nyingi za bara hili.

Hata hivyo, ni katika sura za Usambiro ambapo kitabu hupata kina chake. Uganda palikuwa na mfalme, fitina na hadhira. Usambiro palikuwa na homa, matofali na kungoja. Machi 1888 Askofu Parker alifia hapo, muda mfupi baada ya mwenzake Blackburn kufa. Mwezi Oktoba mwaka huo mapinduzi ya Uganda yaliwatoa wamisionari wote. Gordon na Walker walifika Usambiro baada ya mashua yao kupigwa na kiboko na kuzama, nao mapadre wa Kikatoliki wakaelekea kituo chao cha Bukumbi, kilichoanzishwa mwaka 1883, kusini mwa mahali ulipo sasa mji wa Mwanza. Wakristo wakimbizi wa Kiganda nao walivuka ziwa kuja kwao. Katika hali hiyo Mackay aliendelea kuchoma matofali, kuunda mtambo wa mvuke kwa ajili ya mashua, kuchonga herufi za chapa na kupiga chapa sehemu za Maandiko kwa Kiganda. Stanley, aliyepita hapo Agosti na Septemba 1889 pamoja na Emin Pasha, alistaajabia karakana na maktaba yake, akamsihi waondoke pamoja. Mackay alikataa kuiacha kazi kabla hajapatikana mtu wa kushika mahali pake. Miezi mitano baadaye alikuwa kaburini.

Hapa ndipo sifa zinapogeuka kuwa swali. Tukiisha kuzisoma sura hizo, je, tunawafahamu watu wa Usambiro? Tunaifahamu mashine. Tunaifahamu homa. Tunawafahamu Waganda walioko ng'ambo, mashaka yao na imani yao. Lakini wale ambao Mackay aliamka kati yao kila asubuhi kwa muda wa miaka miwili na nusu, waliokanyaga udongo wa matofali yake, waliomletea kuni, samaki na unga, wanapita katika kurasa hizi kama kivuli ukutani. Watemi wanatajwa, kwa kuwa walidai hongo na kwa kuwa bila ruhusa yao hapangejengwa kitu. Wapagazi na wakata barabara kwa kawaida huhesabiwa, hawatajwi. Mwanamke aliyeuza mtama, kijana aliyevuta mivukuto ya karakana, mzee aliyemwonyesha Mackay pa kujenga ili maji ya masika yasimfikie, hao tunapaswa kuwabuni wenyewe, kwa sababu lazima walikuwapo.

Upungufu huu unaanzia kwenye jina la kitabu, ambalo humwita mmisionari wa Uganda. Kwa hiyo kusini mwa ziwa hakuwi mahali; kunakuwa ukumbi wa kungojea. Mackay mwenyewe anaonekana kuishi hivyo. Mwili wake ulikuwa Usambiro, macho yake yalikuwa ng'ambo. Herufi alizozichonga hapo zilikuwa kwa ajili ya Kiganda, si kwa ajili ya lugha ya watu waliosikia nyundo yake ikilia.

Haki inatudai tumtetee pia. Kwanza, alikuwa mlezi wa kanisa lililokuwa likiteswa, na mchungaji ambaye kundi lake limo motoni hawezi kulaumiwa kwa kutazama kule unakotoka moshi. Pili, barua hizi ziliandikwa kwa ndugu na kwa wafadhili waliokwisha kulijua jina la Uganda magazetini, na ni dada yake aliyechagua zipi zichapwe. Huenda yaliyoachwa yalikuwa na majina zaidi. Tatu, ni kutoka Usambiro huo huo Mackay alipoandika kwamba bara hili halitaletwa kwa Kristo na wageni wachache waliotawanyika, bali na walimu Waafrika waliofundishwa vema katika vituo vichache vyenye nguvu. Aliiona kweli hiyo kwa ramani. Nasikitika kwamba kitabu hakituonyeshi akiiona katika uso wa jirani yake.

Kwamba yawezekana kuandika vingine, tunao ushahidi kutoka ng'ambo ya magharibi ya ziwa hili hili. Bengt Sundkler, Mswidi aliyekuwa askofu wa Bukoba tangu 1961 hadi 1964, aliandika kitabu kiitwacho Bara Bukoba, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1980. Sundkler naye alikuwa mgeni, naye alikuwa na wafadhili. Lakini historia yake haianzi na kufika kwa wamisionari wa Betheli mwaka 1910. Inawatafuta Wahaya waliokwisha kulipata Neno Uganda na kulirudisha nyumbani, wakasoma na kuomba kabla ya mgeni yeyote wa Kilutheri kupiga hodi. Ukoo, ufalme, shamba la migomba na wimbo wa jioni vina nafasi katika theolojia yake. Si ajabu kwamba aliyempokea uaskofu mwaka 1964 alikuwa Mhaya, Josiah Kibira, ambaye baadaye, tangu 1977 hadi 1984, aliliongoza Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni. Kanisa ambalo watu wake wana majina huzaa watu wa kulitumikia kanisa zima.

Kwa sisi Walutheri jambo hili si la adabu ya uandishi tu. Luther alifundisha kwamba fundi viatu na mama anayemwogesha mtoto wana wito mtakatifu sawa na wa mhubiri, kwa kuwa Mungu huwahudumia watu wake kupitia mikono yao. Mackay, ambaye hakuwa Mlutheri, alilifahamu fundisho hilo kuliko wengi wetu: nyundo yake ilikuwa madhabahu yake. Lakini fundisho hilo likiheshimu nyundo ya mgeni na kuusahau mvukuto wa mwenyeji, limekatwa nusu. Tuzidi kumkumbuka Mtume Paulo katika Warumi sura ya 16. Hamalizi barua yake kuu pasipo kuwataja Fibi, Priska na Akila, na kundi zima la wengine, na hata Tertio aliyeshika kalamu anapewa nafasi ya kusalimu kwa jina lake. Tena tukumbuke barua ya Yeremia kwa watu wa uhamishoni, sura ya 29: wajenge nyumba, wapande bustani, wautakie amani mji ule waliohamishiwa. Mackay alijenga nyumba na kupanda bustani. Sehemu ya tatu ndiyo ninayoitafuta katika kitabu chake, na ninaipata kwa shida.

Wala nisimhukumu marehemu huku nikijificha. Katika miaka yangu ya kwanza ya utumishi nilipelekwa kwenye usharika mmoja wa ufukoni, kati ya Wasukuma, na mimi si Msukuma. Kila robo ya mwaka niliandika taarifa. Nilihesabu waliobatizwa, niliwataja waliotuma mabati, nilieleza ubaya wa barabara. Hivi karibuni nilizikuta nakala zake sandukuni. Mama aliyenipokea nyumbani mwake wiki tatu nilipoumwa homa, akanifundisha kusalimu kwa Kisukuma kabla sijathubutu kuhubiri kwa Kiswahili, hayumo hata katika mstari mmoja. Nilikuwa nikiwaandikia wa ng'ambo, nami nilikuwa nikitazama ng'ambo, nikiwazia uhamisho wa kwenda mjini. Usambiro, basi, ni hali ya moyo ambayo mtu aweza kuingia nayo katika usharika wowote.

Kwa sababu hiyo nakisihi kizazi cha wanafunzi kilichoko vyuoni sasa, hasa wale watakaopangiwa kazi visiwani na vijijini mwa Kanda ya Ziwa, wakisome kitabu hiki na wasikidharau. Wajifunze kwake subira, ustadi wa mikono, na ujasiri wa kwenda bila silaha. Kisha wakifunge na kuandika daftari la namna nyingine: nani alinivusha, nani alinipa maji, nani aliniambia neno ambalo sikulijua. Daftari hilo ndilo litakalowasaidia wale watakaoandika historia ya kanisa letu baada yetu.

Kituo cha Usambiro hakikudumu sana baada ya Mackay. Kazi ya Waanglikana upande huu iliendelea Nassa, nayo mwaka 1909 ikapokewa na Africa Inland Mission. Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilichukuliwa, ikavushwa ziwa, ikazikwa upya Namirembe, Kampala. Yafaa alale kati ya watu aliowapenda. Lakini wale waliolichimba kaburi lake la kwanza, ambao mikono yao ilimshusha katika udongo wa Usambiro, walibaki huku kwetu, na majina yao hayamo kitabuni.