Kucha za Mbwa wa Getini

Mbwa wengi wa ulinzi wa Dar es Salaam, kuanzia Bunju hadi Chamazi, maisha yao ni ya bandani. Alfajiri wanafungiwa, usiku wanafunguliwa wazunguke uwanjani, na uwanja wenyewe mara nyingi ni mchanga. Kinachosaga kucha ni lami, mawe na saruji inayoparuza. Mchanga hausagi kitu cha maana. Ukimsikia mbwa akipita barazani kucha zinagonga vigae, ujue wakati umefika.

Kawaida yetu ni kungoja hadi zipinde, kisha wanaitwa vijana watatu: huyu kamba ya mdomo, yule goti mgongoni, wa tatu mkasi. Kazi inakwisha upesi, lakini tangu hapo ukimgusa mguu anakutolea meno. Tena kumfunga mbwa mdomo katika joto la Dar ni hatari, maana yeye hujipoza kwa kuhema.

Mlinzi mmoja wa Goba niliyemtazama alianzia mbali. Siku kadhaa hakukata kitu. Jua likipoa alikaa kwenye kigoda, akamshika mbwa bega, akateremsha mkono taratibu hadi kwenye wayo, akabonyeza kidole ukucha ujitokeze, akampa dagaa. Baadaye akaleta kikata kucha, mbwa akakinusa: dagaa. Akakibana hewani ili mbwa azoee mlio wake: dagaa. Siku ya kukata alimaliza mguu mmoja tu, akamwachia. Majirani walicheka dagaa, nami naona dagaa ndio waliofanya kazi. Mkono ulimalizia tu.

Mkono nao una kanuni zake. Ndani ya ukucha kuna nyama yenye mishipa ya damu na fahamu. Kwenye ukucha mweupe huonekana kwa wekundu wake, nawe unaishia milimita 2 hivi kabla ya kuifikia. Kwenye ukucha mweusi huoni kitu, hivyo yule mlinzi alikata vipande vyembamba mno, kila kimoja akikagua palipokatwa. Mwanzoni pamekauka na kufifia. Katikati kikijitokeza kidoa cheusi chenye unyevu, hapo basi. Kucha zilizoachwa muda mrefu hazirudi kwa siku moja, kwa kuwa nyama ya ndani nayo imerefuka. Ukipunguza kidogo kila wiki, nayo hurudi nyuma. Wengi husahau ukucha wa pembeni, ule wa juu usiogusa ardhi. Hausagwi na chochote, na unaweza kujikunja hadi ukachoma ngozi.

Damu ikitoka, usipige kelele. Kandamiza ncha ya ukucha kwenye kipande cha sabuni ya mche, au kwenye unga, utulie hapo dakika chache.

Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao pwani ni wengi, mate ya mbwa ni najisi. Basi vaa glavu, na dagaa mtupie chini.

Mbwa akianza kujilamba midomo, kupiga miayo ovyo au kukakamaa, simama hapo, mtaendelea kesho. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba. Mbwa ambaye hajachanjwa apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo, kucha zitasubiri.