Kufuga Adui ili Kumlisha Mwindaji

Utitiri mwekundu, Tetranychus urticae, umeripotiwa kujenga usugu dhidi ya viambato vya dawa zaidi ya 90. Haishangazi basi kwamba wakulima wa waridi wa Naivasha wamemgeukia mwindaji wake, Phytoseiulus persimilis, anayezalishwa huko huko Kenya. Husifiwa kwa ulafi: jike mmoja aweza kumaliza mayai 20 ya utitiri kwa siku. Sifa ni zake, lakini kwa maoni yangu ugumu wa kumzalisha uko kwa mharage na kwa huyo huyo adui. Maharage huoteshwa kwenye kitalu nyumba kisicho na mdudu hata mmoja. Yakishatanua majani huhamishiwa kitalu cha pili, ambako majani yaliyokwisha kushambuliwa hulazwa juu yake ili utitiri uhamie wenyewe. Majani yakijaa madoa ya manjano na utando, ndipo mwindaji huachiwa, katika kitalu cha tatu. Baadaye hukusanywa na kutiwa kwenye chupa pamoja na vamikulaiti.

Vitalu vitatu si anasa. Kwenye joto la nyuzi 25 hivi mwindaji hukua kutoka yai hadi utu uzima kwa siku tano au sita, upesi kuliko windo lake. Majike wachache wakinata kwenye mkono wa koti na kuingia kitalu cha pili, wataila akiba yote ya chakula kabla haijatosha kuvunwa, na uzalishaji utasimama. Kwa hiyo mfanyakazi huanzia kwenye maharage safi, humalizia kwa wawindaji, wala harudi nyuma siku hiyo.

Wapo wanaouliza kwa nini asilishwe chavua, au utitiri wa matunda makavu ndani ya pumba za ngano, kama anavyofugwa Amblyseius swirskii kwa gharama ndogo. Hawezi, hutegemea utitiri wa jamii ya Tetranychus. Ni kweli kwamba huko kuchagua chakula humfanya afe njaa au atawanyike windo likiisha, na mkulima hulazimika kununua tena. Lakini mwindaji asiye na chakula mbadala hulifuata windo hadi ndani ya utando, mahali ambapo wengine hukwama. Hoja nzito zaidi ni unyevu: hewa ikikauka chini ya asilimia 60, mayai yake mengi hayaanguliwi, na hapo hata chupa bora ni hasara. Nyanya nayo ina vinyweleo vyenye utomvu unaomnasa, ingawa wawindaji waliozalishwa juu ya nyanya yenyewe hufanya kazi vizuri zaidi humo kuliko waliotoka kwenye maharage. Mwenye nyanya aulize kwanza chupa anayouziwa ilitoka kwenye mmea gani.